Majina ya Kusomeka: Historia ya Anwani za Makala katika Wavuti

Kila maandishi yanayowekwa katika wavuti hupewa anwani, na anwani hiyo ndiyo jina ambalo maandishi hayo yataitwa na kila atakayetaka kuyataja. Mwanachuoni akinukuu makala ya blogu, hana budi kuandika anwani yake, kama vile wazee wake walivyoandika jina la kitabu na mwaka wa kuchapishwa. Anwani zenyewe ni za namna mbili. Iko ile isiyomwambia msomaji lolote, mathalan index.php?p=123; na iko ile inayojieleza, mathalan 2004/05/bei-ya-karafuu. Ya kwanza ni hesabu ya mashine, ya pili ni maneno ya watu. Kwa kuwa namna hii ya pili imeenea kote siku hizi, ni rahisi kudhani kwamba ilikuwapo tangu mwanzo, ama kwamba waliotunga programu za blogu ndio walioibuni peke yao. Mambo hayakuwa hivyo. Anwani ya kusomeka ilipatikana kwa mapatano ya pande tatu: sheria ya kuandika anwani, seva inayopokea maombi ya wasomaji, na programu inayohifadhi makala. Mapatano hayo yalichukua miaka mingi, na lugha ambazo hazikuwa na msemaji ndani yake zilipoteza kitu. Kiswahili ni mojawapo.

Wavuti ilianza Geneva, katika taasisi ya utafiti wa nyuklia ya CERN, ambako Tim Berners-Lee, Mwingereza, alitoa pendekezo lake mwaka 1989 na kuunda seva ya kwanza mwaka 1990. Katika seva ile jambo la anwani lilikuwa jepesi. Maandishi yalikuwa mafaili. Mafaili yaliwekwa katika saraka, na saraka moja iliweza kukaa ndani ya nyingine, kama bahasha ndani ya mtoto wa meza, na mtoto wa meza ndani ya meza. Anwani ilikuwa ni kuitaja njia hiyo tu, hatua kwa hatua, kila hatua ikitengwa na mwenzake kwa alama ya mkwaju. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na anwani iliyoishia na hypertext/WWW/TheProject.html, na aliyejua Kiingereza kidogo aliweza kukisia yaliyomo. Basi anwani za mwanzo zilisomeka. Lakini zilisomeka kwa sababu jina la maandishi na mahali pa maandishi vilikuwa kitu kimoja. Ubaya ulijificha ndani ya wema huo. Mtunza seva alipohamisha faili, jina lake nalo lilibadilika, na wote waliokuwa wamelitaja wakawa wanabisha hodi katika nyumba iliyohamwa.

Sheria ya anwani iliandikwa rasmi Desemba 1994, katika waraka uitwao RFC 1738, uliotungwa na Berners-Lee pamoja na Larry Masinter na Mark McCahill. Waraka huo uliruhusu herufi za Kirumi zisizo na alama juu yake, tarakimu, na alama chache zilizotajwa moja moja. Herufi nyingine yoyote ilipasa kugeuzwa: iandikwe alama ya asilimia, ikifuatwa na tarakimu mbili za hesabu ya msingi wa kumi na sita. Miongoni mwa alama zilizoruhusiwa kuandikwa wazi ilikuwamo ritifaa. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa maana litahitajiwa mbele.

Wakati sheria hiyo inaandikwa, seva zilikuwa zimekwisha kuanza kubadilika. Mwaka 1993, katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, uliwekwa utaratibu ulioitwa CGI, ambao kwa huo seva iliweza kuamsha programu badala ya kutoa faili lililolala. Faida yake ilikuwa kubwa. Ukurasa haukuhitaji tena kuandikwa kabla ya kuombwa. Programu iliweza kutafuta habari katika hifadhidata na kuutunga papo hapo. Lakini programu ilitaka kuambiwa itafute nini, na maagizo hayo yalifungwa nyuma ya anwani, baada ya alama ya kuuliza. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa anwani za namna ya index.php?p=123, ambazo ndani yake hamna jina la kitu, bali jina la programu na namba ya safu katika jedwali. Anwani hizo zilikuwa ngumu kukumbuka, ngumu kusomeana kwa simu, na rahisi kukatika katikati zilipopelekwa kwa barua pepe. Tena mashine za kutafutia habari za miaka ile ziliziogopa, kwa kuwa nyuma ya alama moja ya kuuliza paliweza kuwa na kurasa zisizo na mwisho.

Dawa ilitoka upande wa seva. Mwaka 1995 kundi la watunza tovuti waliokuwa wakitia viraka katika seva ya NCSA walitoa seva yao wenyewe, wakaiita Apache, na toleo la 1.0 likatoka Desemba mwaka huo huo. Apache iliundwa kwa sehemu zinazoweza kuongezwa na kuondolewa. Aprili 1996 Ralf S. Engelschall aliandika sehemu mojawapo, iitwayo mod_rewrite, na Julai 1997 akaitoa zawadi kwa kundi la Apache. Kazi yake ni kusimama mlangoni. Ombi linapofika, sehemu hii huisoma anwani aliyoiandika msomaji, huilinganisha na kanuni alizopewa, na ikiona inalingana, huiandika upya ndani kwa ndani kabla seva haijaanza kutafuta. Msomaji ameomba bei-ya-karafuu. Seva inapokea index.php?p=123; ukurasa unatoka, na msomaji hajui kwamba jina lilifasiriwa njiani. Ni kazi ya tarishi hodari katika ofisi kubwa, ambaye mgeni humtajia jina la mtu tu, naye akajua chumba.

Umuhimu wa jambo hili haukuwa katika uzuri wa anwani tu. Kanuni za seva sasa ziliweza kulitenga kabisa jina la maandishi na mahali pake, kwa namna iliyo wazi kwa kila mwenye tovuti. Programu iliweza kubadilishwa, hifadhidata ikahamishwa, jedwali likapangwa upya, na jina likabaki lile lile mradi kanuni ya mlangoni irekebishwe. Mwaka 1998 Berners-Lee aliandika insha fupi iliyojulikana sana baadaye, ambamo alishikilia kwamba anwani njema haibadiliki, na kwamba anwani ikibadilika kosa ni la aliyeitunga. Alishauri kuondoa ndani ya anwani kila kitu kinachoweza kupitwa na wakati: jina la programu, mkia wa faili, hali ya waraka, hata mada yake, bali tarehe ya kuandikwa aliiruhusu, kwa kuwa tarehe hiyo haigeuki. Mwaka uliofuata, 1999, Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya kompyuta, alieleza kwamba anwani ni sehemu ya sura ya tovuti anayokutana nayo msomaji, na kwa hiyo yapasa iwe fupi, rahisi kuandika, na yenye kuonyesha mpango wa tovuti. Fikra zilikuwapo, na chombo kilikuwapo. Waliokosekana ni watu wengi wenye haja.

Watu hao wakaja na blogu. Agosti 1999 kampuni ya Pyra Labs ya California ilifungua huduma ya Blogger, na watu wasiojua lolote la seva wakaanza kuandika kila siku. Blogu za mwanzo zilikuwa ukurasa mmoja mrefu, habari mpya juu na za zamani chini, na za zamani zaidi zikisukumwa kwenye ukurasa wa kumbukumbu. Hapakuwa na njia ya kuitaja habari moja peke yake. Mwaka 2000 ulianzishwa utaratibu wa kuipa kila habari kiungo cha kudumu, na Blogger ikauingiza katika huduma yake. Kiungo hicho kilikuwa bado anwani ya ukurasa wa kumbukumbu uliobeba habari nyingi, kikiongezewa alama ya reli na namba ya kumpeleka msomaji mahali panapohusika. Ni mwaka 2004 tu ambapo Blogger, iliyokuwa imekwisha kununuliwa na Google, ilipompa kila mwandishi ukurasa mzima kwa kila makala. Hata hivyo, hatua ya mwaka 2000 ilikuwa kubwa, kwa kuwa ilikiri kwamba makala ya mtu wa kawaida nayo yanastahili jina la kudumu.

Baada ya hapo njia ziligawanyika. Movable Type, iliyotolewa Oktoba 2001 na Ben Trott na mkewe Mena, ilifuata njia ya zamani: mwandishi alipochapisha makala, programu iliyaandika katika faili na kuliweka katika saraka. Seva haikuombwa msaada wowote. Ilitoa faili kama ilivyozoea tangu Geneva. Gharama yake ilikuwa nyingine: mwandishi alipobadilisha umbo la tovuti, mafaili yote yalipasa kuandikwa upya, na blogu yenye makala mengi ilimweka mwenyewe akisubiri. Tena majina ya mafaili, kwa desturi ya mwanzo, yalikuwa namba zenye sufuri mbele. Kwa hiyo anwani ilikuwa imara, lakini haikusomeka.

Njia ya pili ilikuwa ya programu zilizoandikwa kwa lugha ya PHP na kuhifadhi makala katika hifadhidata ya MySQL. Mwaka 2001 Michel Valdrighi alitoa programu iitwayo b2. Kazi yake ilipolegea, Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza waliichukua na kuiendeleza kwa jina la WordPress, na toleo la kwanza likatoka Mei 2003. Hapa kila ukurasa ulitungwa unapoombwa, na anwani ya asili ilikuwa ile ya alama ya kuuliza. Toleo la 1.0, la Januari 2004, lilileta anwani za kusomeka kwa kuitegemea mod_rewrite. Mwenye blogu alichagua mpangilio wake, mathalan mwaka, mwezi na kichwa cha makala. Kanuni zinazolingana nao zikaandikwa katika faili liitwalo.htaccess, ambalo Apache hulisoma katika saraka ya tovuti.

Kanuni hizo mwanzoni zilikuwa nyingi, moja kwa kila aina ya anwani. Baadaye watungaji walipata njia fupi, na mistari yake michache imenakiliwa katika seva zisizohesabika. Maana yake ni hii: ikiwa jina lililoombwa si la faili lililopo, wala si la saraka iliyopo, basi ombi lote lipelekwe kwa index.php. Seva haijisumbui tena kuelewa jina. Huondoa tu yale ambayo inaweza kuyatoa yenyewe, kama picha, na mengine yote huyakabidhi kwa programu. Kazi ya kufasiri ikahama kutoka kwa tarishi wa mlangoni, ikaingia kwa karani aliye ndani.

Walakini hata mistari hiyo michache ilihitaji ruhusa ya mwenye seva, na hapo ndipo waandishi wengi walipokwama. Mwandishi wa blogu wa miaka ile hakuwa na seva yake. Alipanga nafasi ndogo katika seva ya kampuni, pamoja na wapangaji wengi wengine. Ikiwa kampuni haikuiweka mod_rewrite, ama imeizuia Apache kusoma .htaccess za wapangaji, basi kanuni ziliandikwa bure. Waliopanga katika seva za Windows walikuwa na shida zaidi, kwa kuwa seva ya Microsoft, IIS, haikuwa na kifaa hicho ndani yake. Microsoft ilitoa chake mwaka 2008, kwa ajili ya IIS 7. Kwa watu hawa palikuwa na njia ya katikati, yaani anwani ya namna ya index.php/2004/05/bei-ya-karafuu, ambayo haihitaji kuandikwa upya mlangoni: seva huliona faili la index.php, huliamsha, na kulikabidhi maneno yaliyobaki nyuma yake. Anwani hiyo ilisomeka, lakini ilibeba jina la programu kifuani, kinyume cha shauri la mwaka 1998.

Seva ya nginx, iliyotolewa hadharani mwaka 2004 na Igor Sysoev wa Urusi, ilileta badiliko jingine. Nginx haisomi .htaccess kabisa, kanuni zote hukaa katika faili kuu la mtunza seva. Iliposhika soko kwa wepesi wake, agizo lile lile la WordPress liliandikwa humo kwa neno moja, try_files, lenye maana ya kujaribu faili, kisha saraka, kisha programu. Mpangaji akapungukiwa na uhuru, seva ikapata wepesi. Hatimaye, tangu mwaka 2015, WordPress inapowekwa upya huijaribu seva yenyewe, na ikiona inakubali, huanza na anwani za kusomeka bila kumwuliza mtu. Lililokuwa kazi ya mafundi likawa desturi isiyoonekana.

Seva ilipokubali kupokea jina lolote, liliibuka swali jipya, nalo ni la lugha: jina litatoka wapi? Jibu la programu za blogu lilikuwa kukichukua kichwa cha makala na kukipitisha katika chekecheo. Herufi kubwa hufanywa ndogo, nafasi hujazwa kistari, herufi zenye alama hupewa herufi tupu zinazofanana nazo, na alama za uandishi hutupwa. Kwa sehemu kubwa Kiswahili kilipita salama kuliko lugha nyingi, kwa kuwa tahajia sanifu, iliyosimamiwa tangu 1930 na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, haina herufi zenye alama juu yake. Mfaransa hupoteza alama zake, na Myoruba hupoteza alama zinazotenga neno na neno. Kichwa cha Kiswahili hubaki karibu kama kilivyo.

Mahali pamoja tu hakibaki. WordPress huitupa ritifaa. Katika Kiingereza hasara ni ndogo, kwa kuwa ritifaa ya Kiingereza huonyesha umilikaji ama herufi zilizorukwa, na msomaji huelewa bila hiyo. Katika Kiswahili ritifaa ya ng' si alama ya uandishi; ni sehemu ya herufi, na hutenga sauti na sauti. Kung'oa ni kuondoa kitu pamoja na mizizi yake. Ngoa ni wivu ama hamu. Makala yenye kichwa "Historia ya Ng'ambo", yanayohusu mtaa mashuhuri wa mji wa Unguja, hupewa jina historia-ya-ngambo, na anayelisoma kwa kulifuata hutamka neno lisilokuwapo. Methali isemayo jina jema hung'ara gizani, ikiwekwa kuwa kichwa, hutoka hungara. Wala mwandishi hawezi kusahihisha, maana akiirudisha ritifaa kwa mkono, chekecheo huitoa tena.

Ni muhimu kutambua kosa liko wapi. Haliko katika sheria: waraka wa 1994 uliiruhusu ritifaa waziwazi, na waraka uliourekebisha Januari 2005, RFC 3986, haukuifukuza katika njia ya anwani. Haliko katika seva: kanuni ile fupi hupokea jina lolote na kulikabidhi. Liko katika chekecheo, ambalo waliolitunga waliichukua desturi ya lugha moja kuwa desturi ya zote. Wanayo hoja ya usalama, kwa sababu ritifaa hutumika pia kufunga maneno katika lugha za kompyuta, na isiposhughulikiwa vizuri huweza kumfungulia mwizi hifadhidata. Lakini hoja hiyo haitoshi. Programu ya Wikipedia huikubali ritifaa, na katika viungo vyake huiandika %27. Wikipedia ya Kiswahili ina makala ya ng'ombe kwa jina lake kamili. Tena WordPress yenyewe ina kanuni za pekee kwa lugha kadha: tovuti ikiwekwa katika Kijerumani, ä huandikwa ae, kama Wajerumani wenyewe wafanyavyo, na si a tupu. Kanuni hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Iliombwa na wenye lugha.

Kiswahili cha hati za Kiarabu kimepatwa na hasara kubwa zaidi. Waraka wa RFC 3987, wa Januari 2005, uliruhusu anwani kuonyeshwa kwa hati zote za ulimwengu, lakini chini yake kila herufi ya Kiarabu hugeuzwa alama sita: sini huwa %D8%B3. WordPress huhifadhi jina katika umbo hilo la kugeuzwa, na nafasi yake ni alama 200 tu. Kwa hiyo kichwa cha hati za Kiarabu hukatwa baada ya herufi thelathini na chache. Blogger haikujaribu hata hivyo. Kichwa kisicho na herufi za Kirumi ilikiita blog-post tu, na cha pili kikaongezewa namba. Utenzi ulionakiliwa humo kwa hati zake za asili hupokea jina lisilo tofauti na la habari nyingine yoyote, nalo ni jina la Kiingereza.

Kwa watafiti wa lugha, historia hii ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kusomeka si kudumu. Seva ikizimwa, ama ada ya jikoa isipolipwa, anwani nzuri hufa sawa na mbaya. Kwa hiyo anayenukuu maandishi ya Kiswahili ya wavuti hana budi kuandika kichwa kamili, jina la mwandishi na tarehe, wala asiitegemee anwani peke yake, hasa kichwa chenye ng'. La pili ni kwamba anwani, ijapokuwa huonekana ni mambo ya mafundi, ni tahajia. Mtu anapoandika ngambo katika anwani elfu, maandishi hayo ni ushahidi wa lugha utakaokusanywa na kuhesabiwa na watu wa baadaye, pengine wasiojua kwamba ritifaa ilitupwa na mashine. Wajerumani waliomba kanuni mbili tatu, wakapewa. Kiswahili kinahitaji moja tu, na chombo cha kuipokea kimo tayari ndani ya programu.